ShellCheck ipo, lakini Vim haioni makosa

Ndugu, umesema umeweka ALE (programu-jalizi ya kuonyesha makosa ya msimbo) kwenye kihariri cha Vim, ila hati (script) zako za Bash hazionyeshwi kosa lolote. Usiifute ALE. Yenyewe haikagui hati za Bash. Humwita mkaguzi aliyeko kwenye kompyuta, na hapa mkaguzi ni ShellCheck, programu inayotafuta makosa kwenye hati za Bash. Basi anza naye. Kwenye Ubuntu au Debian andika `sudo apt install shellcheck`, kwenye Mac `brew install shellcheck`, kisha `shellcheck --version`. Toleo likitokea, jaribu hati yako moja kwa moja: `shellcheck hati.sh`. Tafadhali usiruke jaribio hili, maana ndilo linalotenganisha tatizo la mkaguzi na tatizo la kihariri.

Sasa ndani ya Vim: `:echo executable('shellcheck')`. Ukipata 1, Vim inamwona. Ukipata 0 ilhali terminali inamwona, tatizo ni PATH, yaani orodha ya folda ambamo programu hutafutwa. Hilo huwapata sana wanaofungua kihariri kwa kubofya ikoni kwenye Mac, kwa sababu `.zshrc`, faili ya mipangilio ya terminali, haisomwi hapo. Fungua Vim kutoka terminali uone tofauti.

Bado kimya? Fungua hati yenyewe, andika `:ALEInfo` (amri inayoonyesha hali ya ALE), utuletee majibu yote. Na Vim iwe 8.0 au zaidi.