Masafa ya kituo: ni umbali au ni mitetemo?

SWALI: Natafsiri maelezo ya minara ya redio ya nchi kavu inayoonyesha meli mahali zilipo, kama ile ya mfumo wa Loran-C. Je, ni sahihi kuandika "Loran-C ilitumia masafa marefu"? Mwenzangu anashikilia kuwa masafa ni umbali tu.

JIBU: Kisarufi sentensi haina kosa, ila nahodha hataelewa unasema nini. Masafa tumelitoa Kiarabu, na huko ni umbali. Ndiyo maana tuna mbio za masafa marefu. Kwenye redio, masafa mafupi ni mawimbi yenye urefu mfupi. Kisha tunasema tena "masafa ya kilohezi 100", yaani mitetemo 100,000 kwa sekunde. Wimbi likirefuka mitetemo hupungua, kwa hiyo "masafa marefu" na "masafa ya chini" ni kitu kimoja! Loran-C, ambayo Marekani iliizima mwaka 2010, ilirusha kwa kilohezi 100, na wimbi lake moja lilikuwa na urefu wa kilomita 3 hivi.

Tazama hatari yenyewe: "Masafa ya kituo ni 300." Minara ya kusahihisha GPS hurusha kati ya kilohezi 283.5 na 325, na mawimbi yake huweza kufika kilomita mia kadhaa baharini. Hiyo 300 ni ipi? Anayeisoma kama umbali atategemea masahihisho mahali yasikofika. Andika hivi: "Mnara hurusha kwa masafa ya kilohezi 300, mawimbi yake ya redio hufika maili 150 za baharini." Umbali uchukuliwe na kitenzi "hufika", masafa yasitajwe bila kipimo chake. Wala usiandike "mawimbi" matupu; baharini hayo ni maji.

Jambo jingine katika rasimu yako: "vituo vidogo". Katika Loran-C kituo kikuu kilirusha kwanza, vingine vikafuata baada ya muda maalumu. Udogo haumo, sema "vituo vinavyofuatia". Kipokezi melini kilipima mawimbi ya kituo kimoja yamechelewa kiasi gani nyuma ya yale ya kingine, na mikrosekunde moja (sehemu moja ya milioni ya sekunde) ni mwendo wa mita 300 hivi kwa mawimbi ya redio. Kipimo hicho ni "tofauti ya muda wa kufika". Ukiandika "tofauti ya saa", msomaji atafikiria Dar es Salaam na London.