Bajeti yetu imewekwa mezani au kabatini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhasibu wa kikundi cha akina mama wafugaji wa nyuki. Katika kikao cha mtandaoni, mfadhili wetu kutoka Marekani alisema, "Let's table the budget." Nilifurahi, nikakesha napanga hesabu na risiti. Kikao kilichofuata, hakuna aliyeigusa bajeti. Hilo neno "table" lina maana gani hasa? Au tumedharauliwa?
– Msomaji, Kondoa

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hamkudharauliwa, na Kiingereza chako hakina kasoro. Neno hilo lina maana mbili zinazopingana.

Kwa Mwingereza, kuliweka jambo mezani ni kulileta lijadiliwe. Nasi tumerithi hivyo: pale Bungeni Dodoma, hati huwasilishwa mezani ili wabunge wazipokee rasmi. Kwa Mmarekani, jambo hilo linawekwa kando. Katika Baraza la Wawakilishi kule Washington, hoja ya namna hiyo haijadiliwi. Hupigiwa kura tu, na ikipita, jambo limekufa. Ila kwenye vikao vya vyama na mashirika yao, wengi hufuata kanuni alizochapisha Henry Martyn Robert mwaka 1876, na humo kuliweka jambo mezani ni kulisimamisha kwa muda, linaweza kurudishwa. Kwa hiyo usikate tamaa.

Wakubwa nao waligombana kwa neno hili. Winston Churchill ameandika katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia kwamba maofisa wa Uingereza walitaka waraka wao uwekwe mezani kwa sababu ulikuwa wa haraka. Wamarekani wakapinga, wakidhani unataka kufungiwa kwenye droo. Wakabishana muda mrefu, tena kwa ukali, kumbe wote walitaka kitu kimoja!

Mimi nimefanya ukalimani wa mikutano Arusha, na nikilisikia neno hili kwanza namtazama msemaji ametoka wapi, kisha nasubiri maneno yanayofuata. Likifuatwa na "for now" au "until", jambo linaahirishwa. Kikitajwa chombo kitakacholipokea, kama bunge au kamati, mara nyingi linaletwa. Nisipopata dalili, naomba ufafanuzi hapo hapo, hata mbele ya mabalozi, maana kukisia ni kuwahukumu watu wawili wasioelewana. (Maana nyingine, kama jedwali la hesabu au msimamo wa ligi, hazina ugomvi.)

Mwandikie mfadhili wiki hii, na neno lenyewe liache kabisa. Tumia "discuss" kwa kujadili na "postpone" kwa kuahirisha. Muulize bajeti itajadiliwa tarehe ngapi, na hizo hesabu ulizokesha nazo ziambatishe pamoja na risiti zake, ili azikute tayari.