Mlango wa mbele umebabuka rangi na kuoza chini: usiutupe, ung'oe kwanza

Dada wa Ipuli, umesema mlango wa mbele wa nyumba aliyowaachia mzee wenu umebabuka rangi, chini umeanza kuoza, na fundi aliyekuja kuuona kakwambia uuondoe uweke wa chuma. Ukauliza kama mtu asiye fundi anaweza kuufufua mwenyewe. Anaweza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Isevya, Tabora, sijawahi kushika randa kwa kazi ya kulipwa, na mlango wetu niliutengeneza kwa mikono yangu wakati wa likizo ya Juni. Huu ni msimu wa tatu wa mvua na rangi haijapasuka.

Ukwangue kidogo upande wa ndani, karibu na bawaba, uone ni mbao gani. Ukikuta wekundu wa kahawia, huo ni mninga, mti ule ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mninga hautanuki wala kusinyaa sana kama mbao nyingine, na kiini chake mchwa hawakipendi. Mlango wa namna hiyo kuutoa ili uweke bati lililokunjwa ni hasara ambayo utaijutia kila ukishika kitasa.

Sasa sikiliza jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Mlango wako haukuharibiwa na jua la usoni. Umeanzia chini, pale ambapo mbao za wima zimekatwa na nyuzi zake ziko wazi. Pale mbao hunyonya maji kama utambi wa taa. Mvua ikipiga kizingitini, au mtu akideki, maji yanapanda ndani ya mbao, na jua la mchana likiwaka yanatafuta njia ya kutoka, yanaisukuma rangi kutoka nyuma. Yale malengelenge uliyosema yamejaa sehemu ya chini ndiyo hayo. Na kwa nini pale chini hapana rangi? Kwa sababu wapaka rangi wengi hupaka mlango ukiwa umening'inia, na brashi haifiki.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu lilitupata. Mwaka mmoja tulimwita mtu apake mlango wetu, mwezi wa Desemba, katikati ya mvua. Alipaka juu ya rangi ya zamani bila kuikwangua na bila kuung'oa mlango. Siku hiyo uling'aa, mama akafurahi sana, maana ni mlango aliouchonga marehemu baba. Kabla mwaka haujaisha ulikuwa unabanduka vipande vikubwa kuliko mwanzo.

Kwa hiyo ung'oe. Chomeka vipande vya mbao chini ili uzito usiangukie bawaba, fungua skrubu za bawaba ya chini kwanza, ya juu iwe ya mwisho, na mtu wa pili ashike. Skrubu zilizozibwa na rangi usizilazimishe, safisha mfereji wake kwa ncha ya kisu kwanza, bisibisi ikae vizuri. Kuhusu usalama: mimi nilianza alfajiri na kila jioni niliurudisha kwa bawaba mbili, mchana tukaweka pazia. Majirani walipiga hodi kuuliza kama tunahama.

Kukwangua ndiyo kazi yenyewe. Mimi ilinichukua siku tatu, na kupaka kulichukua asubuhi tatu tu. Tumia skrepa kwa ile inayobanduka, halafu msasa, anza na namba 80, uje 120, umalizie 240, siku zote ukifuata nyuzi za mbao. Nyumba yenu ni ya zamani, basi tafadhali usisugue rangi hiyo ikiwa kavu. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo wanaochezea chini na kutia vidole mdomoni. Nunua msasa wa maji, lowanisha, sugua, futa kwa kitambaa, na mabaki uyafunge kwenye mfuko, usiyafagilie uani wanakodonoa kuku. Vaa barakoa pia, maana hata vumbi la mninga wenyewe linawasha pua na kubana kifua. Ukimaliza, uache ukauke siku mbili kivulini.

Palipooza, toboa kwa bisibisi mpaka ufike kwenye mbao ngumu. Kama ni kina cha kucha, puti, ule unga mzito wa kuzibia mashimo, inatosha. Kama ni zaidi, hapo mwite seremala akate kipande akiunge kingine cha mninga kwa gundi. Kwetu kiliungwa kipande cha urefu wa kiganja, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyomlipa mtu. Matundu ya skrubu yaliyolegea nilijaza njiti za kiberiti zilizochovywa gundi nyeupe ya mbao, nikakata zilizozidi, skrubu zikashika kama mpya. Mtu atakushauri upake oili chafu chini kuzuia mchwa. Usikubali kwa mlango utakaopakwa rangi, rangi haishiki juu ya oili.

Vanishi au rangi? Uzuri wa mninga unatamanisha vanishi, lakini mlango wetu unatazama magharibi na jua la Tabora la saa tisa halina huruma. Vanishi inapitisha mwanga, mbao chini yake inachoka, na itabidi urudie mara kwa mara. Niliweka vanishi upande wa ndani, nje rangi ya mafuta. Na isiwe nyeusi wala kahawia iliyokolea kama mlango unapigwa na jua, rangi nzito inavuta joto. Sisi tulichagua kijani cha majani ya mwembe.

Lita 1 ya rangi inatosha. Mlango wa mita 2.1 kwa 0.9 ni karibu mita za mraba 2 kwa kila upande, na lita moja ya rangi ya mafuta hufunika zaidi ya mita za mraba 10. Anza na undakoti, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, halafu mikono miwili myembamba ya rangi yenyewe, ukiacha usiku mzima kati ya mmoja na mwingine na kupitisha msasa wa 240 kidogo. Paneli kwanza, kisha mbao za kulala, mwisho za wima. Na makali ya chini na ya juu, yapake mara tatu, yanywe mpaka yashibe.

Fanya Juni au Julai. Mvua za kwanza zikija zinakuja na kumbikumbi, nao hupenda kutua kwenye rangi mbichi. Shida ya Julai ni vumbi na upepo, kwa hiyo mwagia uwanja maji kwanza, paka kuanzia saa mbili, saa tano uwe umemaliza. Matambara yenye mafuta ya kitani au vanishi usiyarundike pembeni, yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze yakauke.

Kitasa usinunue kwa kutazama. Chukua cha zamani mkononi uende nacho dukani, mpya kikilingana na shimo lililopo hutachonga kitu. Kabla ya kuurudisha mlango, paka nta ya mshumaa kwenye fremu ili rangi mpya isigandane nayo.

Leo jioni, kabla hujatumia hata shilingi, laza kioo kidogo sakafuni, umulike kwa simu, utazame chini ya mlango wako. Ukiona mbao tupu isiyo na rangi, niambie, na uniambie pia upande gani unatazama jua.