Mdogo wako ni mkimbiaji, lakini pesa za futiboli zinamhusu: niliyoyaona Pullman

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo: kama ni kweli Pac-12, konferensi (chama cha michezo) ya vyuo 12 vya magharibi mwa Marekani, Washington State kikiwamo, iliuawa na pesa za TV, na kama hayo yanamhusu chochote mdogo wako, mkimbiaji wa mita 5,000 mwenye ofa mbili za ufadhili kutoka vyuo vya Marekani. Walionitangulia wamekujibu kwamba hayamhusu, yeye akakimbie tu. Mimi nasema yanamhusu kuliko anavyodhani. Nimekaa Pullman, mashariki mwa jimbo la Washington, kuanzia 2016 hadi 2019 nikisoma chuo cha Washington State na kufanya vibarua, na siku za mechi nilikuwa nauza soda na soseji uwanjani. Sasa niko Spokane, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na bado naifuata timu ile kama mtu wa Jangwani anavyoifuata Yanga.

Futiboli ninayosema ni ile yao ya kubeba mpira mkononi na kofia ngumu kichwani. Vyuo havichezi ligi moja. Vimejigawa katika vyama vinavyoitwa konferensi, na kila konferensi inauza haki zake za matangazo kivyake, kisha wanachama wanagawana. Haikuwa hivyo zamani. NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ndicho kilichokuwa kinauza mechi zote na kuweka kikomo cha mara ambazo timu moja inaweza kuonyeshwa. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vikaona vinabanwa, vikaenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikavipa ushindi kwa majaji 7 dhidi ya 2. Mmoja wa wale wawili waliopinga, Byron White, aliwahi kuwa mchezaji nyota wa futiboli yeye mwenyewe. Tangu siku ile hakuna mtu anayeshika kapu la wote.

Linganisha na NFL, ligi yao ya kulipwa. Wale wanauza kwa pamoja haki za kuonyesha mechi nchi nzima, wanagawana sawa, na timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kijana wa kwanza kutoka vyuoni. Ndiyo maana mji mdogo kama Green Bay unaweza kushindana na New York. Pullman haina kinga ya namna hiyo. Pullman ni mji wa watu kama 32,000, ukihesabu na wanafunzi, katikati ya vilima vya ngano, na Seattle iko karibu saa tano kwa barabara.

Sasa usije ukadhani pesa zinafuata ushindi. Zinafuata macho ya watazamaji, na zaidi ya hapo zinafuata jina la konferensi uliyomo. Mwaka 2024 chuo cha Purdue walishinda mechi 1 kati ya 12, na ndani ya konferensi yao, Big Ten, walifungwa zote 9. Mwaka huohuo Washington State walishinda 8 katika 9 za kwanza. Purdue, kwa kuwa ni wa Big Ten tangu enzi na enzi, wako kwenye kundi linalopata zaidi ya dola milioni 60 kila chuo kwa mwaka. Wa kwetu walikuwa wanahesabu akiba. Hebu niambie hiyo ni mashindano ya nini.

Na usifikiri Pullman hakuna mashabiki. Tarehe 20 Oktoba 2018 kipindi cha ESPN, kituo cha TV cha michezo, kinachozunguka vyuoni kila Jumamosi kilikuja kwetu kwa mara ya kwanza. Tangu 2003 wahitimu wa chuo kile walikuwa wanapeleka bendera yao kwenye kila kituo cha kipindi hicho, hata timu yao ikiwa haichezi hapo, wanapokezana kama mwenge. Siku hiyo ilipofika nyumbani nilitoka kitandani saa tisa usiku, baridi inauma masikio, nikakuta watu wamejaa kwenye nyasi gizani, wengine wamelala palepale. Jioni tukawafunga Oregon 34 kwa 20. Niliuza soda zote, na sauti ikanikauka siku mbili.

Lakini hata wakati ule TV ndiyo ilikuwa bosi. Sisi vibarua tulikuwa hatujui zamu yetu ya Jumamosi mpaka siku 12 kabla, wakati mwingine 6, kwa sababu muda wa mechi unapangwa na kituo cha TV. Ikipangwa saa moja na nusu usiku kwetu, New York ni saa nne na nusu, na mechi inakwisha wenzao wamelala. Wanaopiga kura kupanga timu bora za nchi wengi wako upande ule. Timu inacheza vizuri gizani, hakuna anayeiona, halafu mwaka unaofuata wanakuja kusema haina watazamaji.

Turudi kwenye kifo chenyewe. Mwaka 2011 Pac-12 walisaini mkataba wa miaka 12 na ESPN na Fox, dola bilioni 3, fedha ya kujivunia wakati ule. Mwaka uliofuata wakaanzisha chaneli yao bila mbia. Big Ten walikuwa wameanzisha ya kwao 2007 kwa ubia na Fox, na SEC, konferensi ya kusini-mashariki, wakaja 2014 na ESPN, na wabia hao ndio waliozisukuma chaneli hizo kwenye ving'amuzi vya nchi nzima. Ya Pac-12 haikuwa na wa kuisukuma. Mama mwenye nyumba niliyopanga, mjane mwenye tiketi ya msimu tangu enzi za mumewe, dishi lake halikuwa na chaneli hiyo. Timu ikicheza ugenini alikuwa anavaa koti na kwenda kutazama kwa jirani, wakati kutoka dirishani kwake taa za uwanja zinaonekana.

Tarehe 30 Juni 2022 USC na UCLA wakatangaza kwamba wanahamia Big Ten, ambao mwaka huo walisaini mkataba wa miaka 7 unaopita dola bilioni 7. Ukiitoa Los Angeles kwenye kapu, waliobaki wanauza nini? Oktoba, Big 12, konferensi nyingine, wakawahi sokoni na kuchukua wastani wa dola milioni 31.7 kwa chuo kwa mwaka. Pac-12 wakazubaa. Magazeti ya huku yaliandika kwamba ESPN iliweka mezani kama milioni 30 kwa kila chuo, wao wakarudi na bei ya 50. Muuza ng'ombe akishupaza shingo mnada unafungwa. Julai 2023 Colorado wakaondoka. Mwanzoni mwa Agosti ikaletwa ofa ya Apple, ambayo mapato yake yangetegemea ni watu wangapi watalipia kutazama. Ijumaa ya tarehe 4 Agosti, siku moja tu, Oregon na Washington (chuo cha Seattle, si chetu) wakaenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Tarehe 1 Septemba Stanford na California wakaingia ACC, konferensi ya pwani ya Atlantiki, kwa kukubali mgao pungufu. Konferensi inayohesabu mwanzo wake 1915 ikabaki na vyuo viwili: Oregon State na Washington State.

Kwa hiyo TV iliua? Mimi lawama naigawa. Viongozi wa Pac-12 walijiona wana mali kuliko waliyokuwa nayo, na hilo si kosa la TV. Ila mfumo unaoacha chuo chenye miaka zaidi ya mia ya ushindani kitoke daraja la juu bila kushushwa na mtu uwanjani, huo una kasoro ya mzizi. Kwenye soka letu ukishuka daraja umefungwa. Hawa wameshushwa na mkutano wa njia ya video.

Septemba ile niliendesha gari kwenda kuwatazama yatima hao wawili wakicheza wao kwa wao. Washington State 38, Oregon State 35. Cam Ward, kwotabeki wetu, yaani mrusha mpira wa timu, alicheza kama mtu anayerusha mawe kwenye embe. Mwisho wa msimu akahamia Miami, na mwaka 2025 akawa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa NFL. Hapa ndipo napenda msomaji wa soka asimame kidogo. Mtibwa au Coastal Union wakimlea kijana aliye kwenye mkataba na Simba wakamtaka, kuna mazungumzo, kuna ada ya uhamisho. Huku chuo kilichomlea hakipati hata senti. Tangu 2021 mchezaji anaruhusiwa kuuza jina na sura yake, na kuhama bila kukaa nje msimu, jambo ambalo naliunga mkono kabisa kwa upande wa kijana. Ila ukichanganya uhuru huo na mgao wa TV usiolingana, vyuo vidogo vinageuka kitalu cha miche ya wakubwa. Mrithi wake, John Mateer, naye akacheza msimu mmoja akaenda Oklahoma, na kocha akaondoka mwezi huohuo.

Nisiwapambe sana wa kwangu. Wale wawili walishinda kesi ya kuidhibiti Pac-12 katika mahakama ya Whitman, kaunti ileile ilipo Pullman, wakapata fedha, kisha 2024 wakageuka na kuchukua Boise State na wenzake kutoka Mountain West, konferensi iliyokuwa imewapa mechi za kucheza walipokuwa hawana pa kwenda. Nayo ilipodai ada, Pac-12 ndiyo iliyokwenda mahakamani kuipinga. Aliyenyang'anywa naye akanyang'anya.

Sasa mdogo wako. Mkimbiaji wa Afrika Mashariki na Pullman wana historia. Henry Rono, Mkenya, akiwa mwanafunzi pale mwaka 1978, alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Mwaka mmoja kabla, Samson Kimobwa wa chuo hichohicho alikuwa ameweka rekodi ya mita 10,000. Bernard Lagat naye alipita pale. Viingilio vya riadha havilipi hata nauli ya basi la timu. Kwenye vyuo vingi vya daraja hilo futiboli ndiyo inayowalipia kina Rono. Futiboli ikikosa TV, anayeumia wa kwanza ni mtu ambaye hajawahi kuvaa kofia ile. Juni 2025 Washington State walitangaza kufuta mitupo na miruko, kupunguza mbio fupi, na kubaki kuwekeza kwenye mbio ndefu. Kwa hiyo safari hii wa mita 5,000 amepona, na mrusha tufe ametafuta chuo kingine.

Wala kwa matajiri si salama moja kwa moja. Mwezi huohuo wa Juni 2025 mahakama iliidhinisha maafikiano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, na fungu kubwa linakwenda futiboli. Vyuo vilivyojiunga na mpango huo vina kikomo cha wachezaji: mbio za nyika 17, riadha 45. Zamani kocha angeweza kumweka kijana pembeni akue taratibu. Siku hizi nafasi ni za kuhesabu.

Kwa hiyo kabla hajasaini amuulize kocha kwa maandishi: chuo kimejiunga na mpango huo au la, ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote, mbio za ubingwa wa konferensi zinafanyika wapi (mtoto wa Stanford leo yuko ligi moja na vyuo vya North Carolina, na mitihani haimsubiri ashuke kwenye ndege), na kama kuna mchezo wowote uliofutwa pale kwa miaka mitatu iliyopita. Kocha mzuri atamjibu siku hiyohiyo. Ofa yenye kiasi kikubwa zaidi isimpumbaze ikiwa ni ya mwaka mmoja.

Weka hapa majina ya vyuo hivyo viwili nikuambie kila kimoja kiko wapi kikonferensi. Na ikiwa kimojawapo ni Pullman, koti la baridi anunue akifika, lile la mtumba wa Karume halitoshi.