Re: Kamba za hema zinalegea usiku

Mkuu, umeuliza kwa nini kamba za hema zinalegea usiku ilhali jioni ulizikaza vizuri. Kama ni za nailoni, ndivyo zilivyo: zikilowa umande zinarefuka. Usifunge fundo la moja kwa moja kwenye kigingi. Zungusha ncha kwenye kigingi, irudishe kwenye kamba yenyewe ili kitokee kitanzi, izungushie kamba hiyo mara 2 ndani ya kitanzi, kisha mara 1 nje, upande wa hema, ukiipenyeza chini ya mzunguko huo wa mwisho. Kaza. Kamba ikilegea, sukuma fundo kwa vidole kuelekea hema, basi. Hema likivuta kamba, fundo halirudi. Kamba ya plastiki inateleza, hiyo ongeza mzunguko mmoja ndani. Mimi nilijifunza saa tisa usiku, turubai likinipiga usoni.