Gegedu la goti limepungua: nipumzike au nitembee?

Swali: Nina miaka 52, nauza mitumba Kibuye, Kisumu. Goti la kulia linaniuma nikishuka ngazi, na asubuhi linakaza. Eksirei ilionyesha gegedu limepungua, nikaambiwa nisitembee sana. Nikipumzika, litaota tena?

Jibu: Halioti tena, mama, na kupumzika kupita kiasi kutakuzidishia shida. Gegedu ni tabaka laini, unene wake milimita 2 hadi 4 hivi, linalofunika ncha za mifupa. Halina mishipa ya damu. Lishe yake hutoka kwenye ute wa kiungo: ukikanyaga linakamuliwa, ukiinua mguu linafyonza upya, kama sponji. Goti lisilotumika hukosa lishe hiyo, na misuli ya paja, ambayo hupokea mshindo wa kila hatua, hulegea.

Gegedu halina neva pia. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake na utando wa kiungo ukivimba. Ndiyo maana wapo wenye picha mbaya na maumivu kidogo. Hata eksirei hailionyeshi lenyewe, huonyesha nafasi kati ya mifupa. Ni bora ipigwe umesimama, kwani ukilala nafasi huweza kuonekana pana kuliko ilivyo.

Kwa hiyo tembea, na uimarishe paja. Kaa kwenye kiti cha kawaida, si kile kigoda cha kibandani kinachokunja goti mno. Kunja mikono kifuani, inuka ukihesabu 3, keti ukihesabu 3. Fanya mara 10, pumzika dakika 1, rudia hadi seti 3, siku 3 kwa wiki. Magoti yafuate vidole vya miguu, yasiingie ndani. Maumivu kidogo yanayotulia kufikia kesho yake si hatari. Goti likivimba, weka mto kitini ili usikunje sana. Wengi huacha wiki ya pili, ilhali nafuu huanza kuonekana wiki ya 6 hadi 8. Usiache.

Kama una uzito wa ziada, kila kilo 1 inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa hatua.

Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza maumivu wiki kadhaa tu, na ikirudiwa mara kwa mara inaweza kulipunguza gegedu zaidi. Vidonge vya diclofenac, dawa ya maumivu, usivinunue kiholela: vinachoma tumbo, vinapandisha presha na kuumiza figo. Anza na jeli yake ya kupaka.

Goti likikwama lisinyooke, au likiwa jekundu na moto pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.