Gia ya otomatiki inacheza kama kijiko kwenye uji: nawajibu

Wiki hii meseji nyingi zimekuja za gia kulegea, sijui ni joto au ni umri wa gari zetu tu, basi nimeziweka pamoja.

Fundi, IST yangu gia imekuwa nyepesi ghafla, navuta mpaka D haishiki kitu, injini inawaka vizuri ila gari haiendi. Giaboksi imekufa? (Mbagala)

Usilie kwanza kaka. Hiyo gia unayoshika haijaungana moja kwa moja na giaboksi, katikati kuna kebo, ncha moja iko chini ya gia hapo ndani na ncha nyingine imeshika kimkono cha chuma kwenye giaboksi, na kwenye hizo ncha ndo kuna kibushi cha plastiki au raba ambacho kimepigwa na joto la injini miaka yote hiyo, kinakauka, kinapasuka, kinadondoka, kebo inachomoka na we huku unavuta hewa. Zima injini, vuta hendibreki, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, fungua boneti. Kwenye gari nyingi ndogo itabidi utoe boksi la filta ya hewa, nyingine hadi betri, ndo uone vizuri, kwa hiyo kama betri inatoka mtazame kwanza afu muirudishe, maana mtu wa ndani anatakiwa aweke swichi on na akanyage breki ndo gia itoke P. Asogeze taratibu, we angalia. Kebo inatembea ila kimkono kimetulia, basi bushi ya huku imeisha. Kebo haitembei kabisa, shida iko chini ya gia ndani au kebo imekatika. Vyote vinatembea sawasawa mpaka mwisho na gari bado haiendi, hapo sasa ndo tuanze kuongea habari za oili na giaboksi.

Mi mwenyewe zamani nilikubali giaboksi ishushwe chini, siku mbili gereji, hela imeenda, kumbe ni kibushi kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Mpaka leo nikipita ile gereji naangalia upande wa pili.

Nikiweka N dashibodi inaonyesha R, na kuwasha gari mpaka niichezeshe gia. Gia yenyewe haijalegea sana. (Dada wa Arusha)

Dada hapo kebo imehama kipimo, au nati yake imelegea. Gari ya otomatiki inakubali kuwaka ikiwa P au N tu, sasa kama gia imesimama nusunusu ile swichi ya kwenye giaboksi inaona hauko popote. Kwa Toyota nyingi fundi anafanya hivi: analegeza nati ya kebo kwenye kimkono, anasukuma kimkono mpaka mwisho upande wa P, anarudisha vituo viwili, hapo ndo N. Ndani gia nayo iwekwe N, mtu aisukume kidogo tu kuelekea R ili ule mchezo uishe, nati inakazwa hivyohivyo. Afu apitishe kila gia aangalie taa za dashibodi. Kama bado hazilingani ndo aiguse ile swichi, asianze nayo.

Kebo ilichomoka njiani, fundi kaifunga kwa waya. Naweza kuendelea nayo? (Morogoro)

Waya ni wa kukufikisha nyumbani, basi. Ukichomoka tena we unaweka gia P, ndani inaonekana P, kumbe giaboksi imebaki D, unaachia breki unashuka na gari inaondoka na mtu mbele. Mpaka ubadilishe bushi, vuta hendibreki na uzime injini kabla hujatoa mguu kwenye breki. Ukienda kutafuta spea nenda na ile ya zamani hata kama imevunjika, kuna maduka watakuuzia kebo nzima wakati ulitaka bushi, na saa nyingine kweli haiuzwi peke yake, ila uliza kwanza.

Yangu haijalegea, imegoma kutoka P kabisa. (Mombasa)

Mwambie mtu asimame nyuma, kanyaga breki. Taa za breki haziwaki? Basi cheki fyuzi na kile kiswichi cha juu ya pedeli ya breki, maana ndicho kinachoiambia gia kwamba umekanyaga. Kwa sasa, pembeni ya gia tafuta palipoandikwa SHIFT LOCK, bonyeza kwa bisibisi ndogo huku umekanyaga breki, itatoka. Ila usiendeshe ukajisahau, huna taa za breki ndugu yangu, wa nyuma yako atakukumbusha.

Kinachocheza ni kichwa cha gia tu, kinazunguka mkononi. (Dodoma)

Kikaze bana. Kingine kinazungushwa kwa mkono, kingine kina skrubu, dakika tano tu.